Kabla Kompyuta Haijaingia Boharini

Zamani ilidhaniwa kwamba kompyuta ni chombo cha mabenki, mashirika ya ndege na wizara za serikali. Siku hizi mwenye duka la jumla, mwenye kiwanda cha kushona sare za shule na mwenye karakana ya milango ya chuma, wote hutembelewa na mawakala wanaowauzia programu ya kusimamia biashara, yaani programu moja iwekayo pamoja mauzo, manunuzi, mali iliyomo boharini, madeni, mishahara na hesabu za kodi. Maneno ya wakala ni matamu, na mengi yake ni ya kweli. Lakini, ndugu msomaji, na hasa wewe ambaye biashara yako ni ya ukoo na daftari lake hulala katika droo moja na madaftari ya shule ya watoto, yafaa ujue kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla wakala hajafungua mkoba wake, na aghalabu hufanyika kwa kalamu na karatasi.

Wengi hawaingii katika jambo hili kwa kupenda. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa serikali za Afrika ya Mashariki zimekuwa zikivuta biashara ndogo kuelekea kwenye ankara na stakabadhi za kielektroniki. Tanzania ilianza na mashine za EFD mwaka 2010. Rwanda ikafuata na mashine za EBM mwaka 2013. Uganda ikaleta mtambo wa EFRIS, ambao tangu Januari 2021 umekuwa wajibu kwa kila aliyesajiliwa kutoza Kodi ya Ongezeko la Thamani. Nayo Kenya, tangu tarehe 1 Januari 2024, haikubali gharama ya biashara iondolewe katika hesabu ya kodi kama haina ankara ya eTIMS, isipokuwa gharama chache zilizotajwa na sheria.

Mwezi Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka yao wakiilalamikia EFRIS. Hatuna haja ya kuingia hapa katika ubishi wa kodi. Lakini liko jambo moja ndani ya mtambo ule linalomhusu kila mtu anayepanga kununua programu: muuzaji hawezi kutoa ankara ya bidhaa ambayo hajaiandikisha na kuiingiza kama mali aliyonayo. Kwa hiyo mtu asiyejua ana nini boharini hukwama hata katika kuuza. Hapo ndipo ilipo shida yenyewe, nayo ilikuwako siku nyingi kabla ya kompyuta.

KOMPYUTA ILIYOANZA NA MIKATE

Huenda ikakushangaza kusikia kwamba kompyuta ya kwanza duniani kupewa kazi ya kila siku ya biashara ilipewa kazi ya hesabu za mikate. Kampuni ya J. Lyons ya London, iliyokuwa na mikahawa mingi ya chai na viwanda vya kuoka, ilijijengea kompyuta yake yenyewe, ikaiita LEO, na mwishoni mwa mwaka 1951 ikaipa kazi yake ya kwanza ya kudumu: kukadiria thamani ya mikate, keki na vitu vingine vilivyotoka katika viwanda vyake.

Lyons haikuwa kampuni ndogo hata kidogo, na wala hatusemi kwamba mwoka mikate wa Mbale au wa Kigoma ajenge kompyuta. Kinachofaa kuigwa ni mwendo wao. Tangu miaka ya 1930 kampuni ile ilikuwa na ofisi ambayo kazi yake ilikuwa kuchunguza namna makarani wanavyofanya kazi, karatasi kwa karatasi, na kuuliza kila karatasi ina faida gani. Kompyuta ilipokuja, kazi ilikuwa imekwisha kueleweka. Na ilipofika zamu ya maagizo ya mikahawa, katikati ya miaka ya 1950, hawakumlazimisha msimamizi wa mkahawa ajaze orodha ndefu kila siku. Wasimamizi wale, ambao wengi wao walikuwa wanawake, waliwekewa agizo la kawaida, nao kwa simu wakawa wanataja tofauti tu: leo keki zipungue, pai ziongezwe. Mashine ndiyo iliyofuata desturi ya mtu mwenye kazi nyingi. Katika kampuni zetu ndogo mambo hufanywa kinyume: programu hununuliwa kwanza, kisha watu huambiwa wajipinde waifuate.

Tubaki kwenye mikate, kwa kuwa kila nyumba yaijua. Tuseme upo mji wenye kiwanda cha mikate cha ukoo mmoja, chenye wafanyakazi 22, magari mawili ya kusambaza, na maduka 60 yanayochukua mikate kwa mkopo. Mfano huu tumeutunga, lakini mambo yake hayakutungwa. Asubuhi dereva hupakia mikate 400. Jioni amerudi: 340 imeuzwa, 10 ametoa kama nyongeza kwa wateja wakubwa, na 50 imerudi. Kati ya hiyo 340, mingine imelipwa taslimu, mingine kwa simu, na mingine imeandikwa katika daftari la madeni ambalo dereva hulitunza chini ya kiti chake.

Sasa mwulize wakala: katika programu yako, mkate uliomo garini ni wa nani? Umekwisha kuuzwa au bado? Ule wa nyongeza unaandikwa wapi? Mkate uliorudi ukiwa umekauka, unarudi boharini au unakwenda kwa mfuga kuku? Wakala mjuzi atakujibu kwamba gari lihesabiwe kama bohari inayotembea, mikate ihamishiwe humo asubuhi, na jioni kila mkate utolewe humo kwa jina lake: umeuzwa, umetolewa bure, umerudi, umeharibika. Wakala asiyejua atakwambia kwamba hayo mtayaona baadaye. Huyo mpe chai, umsindikize.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mpango si kuchagua programu. Ni kuandika, kwa lugha wanayoielewa wote, safari ya mkate mmoja tangu unga ulipopokewa hadi fedha zilipofika benki, na safari ya deni moja tangu lilipoandikwa hadi lilipolipwa. Karatasi tatu au nne zatosha. Asiandike mwenye mali peke yake, maana yeye huandika yale anayodhani hufanyika. Waketi pamoja dereva, mtunza bohari, mtunza fedha na mwokaji wa zamu ya usiku. Mtastaajabu jinsi watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi wasivyojua mwenzao hufanya nini na karatasi wanayompa.

MAJINA NA VIPIMO

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuachia neno juu ya mali yenye madaftari matatu yanayopingana, na hiyo ndiyo hali ya kampuni nyingi. Mtunza bohari ameandika “sukari”; karani wa manunuzi ameandika “sukari nyeupe kilo 50”; mtunza fedha ameandika jina la muuzaji tu. Yakiingizwa yote katika programu, utakuwa na sukari za aina tatu, na hakuna hata moja ambayo idadi yake ni ya kweli. Wateja nao ni hivyo hivyo. Duka moja huitwa kwa jina la mwenyewe, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na kwa jina lililo katika leseni, na deni lake likagawanyika mara tatu.

Vipimo ndivyo vinavyotia hasara za haraka zaidi. Mayai hununuliwa kwa trei na hutumiwa moja moja. Trei moja ina mayai 30. Karani akiingiza trei 40 kana kwamba ni mayai 40, basi kompyuta itamwambia mwenye mali kwamba mayai yamekwisha ilhali boharini yamo 1,200. Naye atapiga simu kuagiza mengine. Kila bidhaa na iwe na kipimo kimoja cha msingi, na ukubwa mwingine wote uelezwe kwa kipimo hicho: trei ni mayai mangapi, gunia ni kilo ngapi, kreti ni chupa ngapi. Kazi hii huchosha, na hakuna anayeipenda. Apewe mtu mmoja mwangalifu, na apewe muda wake, asiambiwe aifanye usiku baada ya kufunga duka.

SIKU YA KUHESABU

Programu huanza na idadi ya mali iliyopo siku hiyo. Idadi hiyo ikiwa ya uongo, kila kitu kitakachofuata kitakuwa uongo uliopangwa vizuri. Kwa hiyo bohari ifungwe siku ya mwisho ya mwezi, gari la mwisho likiisha kurudi, na mali yote ihesabiwe. Wahesabu watu wawili wawili, mmoja wa boharini na mwingine wa idara nyingine, na karatasi wanazopewa zisionyeshe idadi iliyomo daftarini, kwani mtu aliyeambiwa kuna magunia 63 atayaona 63. Jozi mbili zikitofautiana, jozi ya tatu ihesabu tena.

Hapa ndipo mipango mingi ivunjikapo, na wauza programu hawapagusi. Daftari lasema magunia 63 ya unga. Yaliyopo ni 54. Magunia 9 yamekwenda wapi? Huenda mawili yaliloa mvua ya masika yakatupwa bila kuandikwa. Huenda matatu yaliazimwa na kiwanda jirani. Moja lilikwenda kwenye msiba. Jingine halikuwahi kuwapo, karani alikosea kujumlisha mwaka juzi. Na yawezekana pia kwamba mengine yaliibwa. Yote haya yamelala pamoja katika nambari moja, na hakuna awezaye kuyatenganisha tena.

Mwenye mali asiyejiandaa humwita mtunza bohari, humshtaki mbele ya wenzake, na pengine humkata mshahara. Matokeo yake hayakawii. Wafanyakazi wote wameona. Mwezi ujao, hesabu zitakuwa sawasawa na kompyuta, si kwa kuwa mali imetimia bali kwa kuwa wahesabuji wamejifunza kusoma kioo kabla ya kuhesabu. Fedha zote za programu zimemwagwa siku hiyo.

Kwa maoni yetu, hapana budi mwenye mali atamke kabla ya siku ya kuhesabu, tena mbele ya wote, kwamba upungufu utakaoonekana siku hiyo utaandikwa katika akaunti yake peke yake, mhasibu ataufuta kwa utaratibu wake, na hakuna atakayetozwa. Kuanzia siku inayofuata, kila mmoja atajibu kwa kile alichokitia sahihi. Wako watakaosema kwamba huko ni kumsamehe mwizi. Pengine. Lakini mwizi wa magunia ya mwaka juzi hapatikani kwa kumtisha mtunza bohari wa leo, na nambari ya kweli ya kuanzia ina thamani kuliko magunia 9.

Kadhalika madeni. Kila mteja apelekewe karatasi ya deni lake na aulizwe kama ndivyo alivyo. Wengine watakataa. Ni afadhali wakatae sasa, wakati dereva aliyewakopesha bado yupo kazini na anakumbuka.

NA NYUMBANI JE?

Yuko mtu mmoja ambaye mipango mingi humsahau, naye ni mwenye mali pamoja na jamaa zake. Mtoto hutumwa kiwandani aombe kilo mbili za unga na sukari kidogo. Shemeji aliyekuja kutoka shamba hurudi na katoni ya mafuta. Ada ya shule hutolewa katika sanduku la fedha asubuhi ya Jumatatu, kabla mtunza fedha hajafika. Katika daftari la zamani mambo haya yalifunikwa na ukungu. Katika programu yataonekana kila jioni kama upungufu, na atakayeulizwa ni mtunza bohari au mtunza fedha, ambao hawana ujasiri wa kumtaja mke wa bosi.

Dawa yake ni nyepesi kuieleza ingawa ni nzito kuinywa. Ifunguliwe akaunti ya matumizi ya nyumbani. Kila kitokacho kwenda nyumbani kiandikiwe hati kwa bei ya kununulia, na mchukuaji atie sahihi, hata awe baba mwenyewe. Baada ya mwezi mmoja mume na mke wataketi na kuona, pengine kwa mara ya kwanza, biashara hii inalisha watu wangapi. Mazungumzo hayo yaweza kuwa magumu. Ni heri yafanyike chumbani kwao kuliko mbele ya afisa wa mikopo wa benki.

Na jambo hili lina upande wa pili. Karani akifungua sehemu ya mishahara, atahitaji orodha ya watu wote wafanyao kazi. Mara nyingi mama wa nyumba, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifunga hesabu ya fedha kila usiku, akilipa vibarua na kuwabembeleza wadai, hayumo katika orodha yoyote. Biashara huonekana ina faida kwa sababu kazi yake haina bei. Tusiandike mpango wa kampuni bila kumwandika yeye, awe mfanyakazi wa mshahara au mwenye hisa, ili hesabu iwe ya kweli na ili siku ya ajali au ya kutengana asiwe mgeni katika mali aliyoijenga.

MAJIRA YA KUANZA

Kampuni ya Hershey ya Marekani, inayotengeneza chokoleti na pipi, ilikuwa na fedha na wataalamu wa kutosha. Washauri walikadiria kazi ya programu yake mpya ichukue miezi 48. Kampuni ikataka imalizike kwa miezi 30. Mwisho wake mitambo ikawashwa Julai 1999, wakati ule ule ambapo wenye maduka huanza kuagiza pipi za sikukuu ya Halloween na za Krismasi. Kampuni ikashindwa kutimiza maagizo ya kiasi cha dola milioni 100, ingawa bidhaa zilikuwamo maghalani. Faida ya robo ile ya mwaka ikapungua kwa asilimia 19.

Kampuni kubwa kama ile iliweza kuvumilia. Mwoka mikate aliyewasha programu wiki ya kwanza ya Ramadhani, au mshona sare aliyeiwasha mwanzoni mwa Januari, huenda asivumilie, kwani maduka hayamsubiri. Hugeukia mwoka mwingine keshoye. Tafuteni miezi yenu ya utulivu, na mwanzo wa mwezi ndani ya miezi hiyo. Tena msiwashe yote kwa siku moja. Anzeni na ankara, bohari na fedha. Mishahara na gharama za uokaji zaweza kungoja miezi mitatu. Kampuni ya watu 22 haihitaji mwaka mzima. Miezi minne ya maandalizi kabla ya siku ya kuwasha ni kiasi cha haki, na mitatu kati yake itakwenda katika majina, vipimo na mafunzo.

Kwa mwezi mmoja kamili daftari na kompyuta viende pamoja, mpaka ufungaji wa mwezi ufanyike kwa njia zote mbili na jumla zilingane. Usizidishe miezi miwili. Watu huchoka kuandika jambo mara mbili, kisha huandika mara moja na kunakili. Na kwa siku za giza, kwa maana umeme utakatika na mtandao utapotea, kiwepo kitabu cha stakabadhi za karatasi zenye nambari zilizopigwa chapa, na ijulikane kwa jina ni nani atakayeziingiza kompyutani umeme ukirudi. Nakala ya kumbukumbu itunzwe nje ya jengo la kiwanda.

Nani aongoze kazi hii? Desturi yetu ni kumkabidhi mpwa aliyesomea kompyuta. Mpwa ana kazi yake katika kurekebisha nyaya. Kiongozi anayefaa zaidi ni yule ambaye wenzake humkimbilia hesabu zinapokataa, na mara nyingi huyo ni karani wa siku nyingi au mtunza fedha. Apunguziwe kazi yake ya kawaida kwa miezi hiyo, na aongezewe posho. Kila mmoja awe na neno lake la siri. Mwuzaji asiweze kubadili bei, na anayepokea mali asiwe ndiye anayeilipia.

Kuhusu fedha tutasema machache. Ziko programu huria, kama ERPNext ya India na toleo la bure la Odoo ya Ubelgiji, na ziko za kununua, kama Tally, nayo ya India. Bure haina maana kwamba hakuna gharama, kwani mtu wa kuiweka, kufundisha na kusafisha orodha hulipwa. Programu za kulipia kila mwezi aghalabu hutozwa kwa dola, na shilingi ikishuka ada hupanda bila mtu kuongeza kitu. Katika mkataba, kabla ya kutia sahihi, liandikwe sharti kwamba siku mtakayoachana mtapewa orodha zenu zote, za wateja, mali na madeni, katika faili linaloweza kufunguliwa na programu nyingine.

Madaftari ya zamani yasichomwe. Sheria za kodi za Kenya, Uganda na Tanzania hutaka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na mkaguzi akija hataridhika kwa kuambiwa kwamba sasa mna kompyuta. Yafungwe kwa mwaka, yaandikwe nje kwa herufi kubwa, yawekwe ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, mbali na mchwa na mbali na jiko, na ufunguo wake akae nao yule aliyefunga hesabu ya mwisho.